Antena Katika Shamba la Mzee Kaspari

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Kaspari, na nilipofika msibani kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa kicheko. Nikakiziba kwa kanga haraka. Si kwamba sikuwa na huzuni, nilikuwa nayo tele, tangu Kihonda nilikopandia gari mpaka pale barabara inapoishia na miguu inapoanza kazi. Ila Yustina, mtoto wa mama yangu mkubwa, alifika kabla yangu, na aliponikumbatia alininong'oneza kwamba wazee walikuwa wamebishana asubuhi nzima kama msalaba wa kaburi uwe wa mti au wa saruji, mpaka mmoja akasema marehemu mwenyewe angeuliza kwanza utakaa misimu mingapi. Basi tukabaki tumeshikana mabega, wanawake wazima wawili, tunatetemeka, na watu wakadhani tunalia. Pengine tulikuwa tunalia kweli. Nilipoinua macho niliuona ule mgongo wa mlima juu ya nyumba, karoti zake zimepangwa kwa matuta kama zamani, na mwaka wangu ule mmoja wa kijijini ukanirudia wote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya nyumbani kwetu sitayasimulia, hayana maana hapa, isipokuwa kwamba matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kufichwa, na mama akaona badala ya kushinda nahesabu mabati ya dari, niende nikamsaidie dada yake huko upande wa nyuma wa Uluguru, ule usiouona mji. Mama Mkubwa alikuwa ameteleza na tenga la kabichi akavunjika mguu. Mumewe alishafariki, na mwanawe wa pekee, Yustina, alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma kufuata mpira wa miguu kwenye timu ya wanawake ya mkoa wa mbali. Nilikwenda na begi moja na ndoto nyingi. Kabla ya hapo nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha Fundi Shabani, fundi redio na runinga wa mtaani kwetu Kihonda, nafagia, namshikia tochi, nasikiliza anavyozungumza na mashine kama anazungumza na wagonjwa. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba nitakuwa fundi, ila sikuwa nimemwambia mtu, maana niliogopa kuchekwa.

Chumba cha mbele cha Mama Mkubwa kilikuwa na viti vitatu, kalenda ya parokia, na runinga ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa ilisimama sanamu ya Bikira Maria. Marehemu mumewe aliiacha runinga ile pamoja na paneli ya sola na betri, lakini tangu mitambo ya zamani izimwe na vije ving'amuzi, haikuwahi kuonyesha kitu. Asubuhi tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, yeye mguu umenyooshwa juu ya kigoda, mimi mlangoni natazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Alikuwa mcheshi. "Vero," aliniambia siku ya pili, "wewe unafagia kama mtu anayetafuta sindano. Nyumba hii haina sindano."

Jambo lenyewe lilianzia mashineni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia nasubiri mahindi yetu yasagwe, na wanawake wawili hawakuniona. "Yule wa Mama Yustina hachezi tena," mmoja alisema. "Kakonda, anaumwa. Eti siku hizi anafua jezi za wenzake." Mwenzake akajibu, "Na mama yake kakaa na mguu ule, nani amwambie?" Nilirudi na unga kichwani na maneno yale kifuani, nikaazimia kutosema. Lakini kijijini maneno hayamsubiri mtu mmoja. Jioni ile ile jirani yetu Mama Filipo aliyaleta, kwa huruma kabisa, pamoja na bakuli la maharage. Mama Mkubwa aliyapokea maharage akasema asante. Usiku hakula.

Siku ya pili alinituma kwenye jiwe la mtandao, lile jiwe kubwa njiani ambalo ukisimama juu yake simu inashika, ukishuka inakata. Yustina alipokea akicheka. Akasema yeye ni mzima kama chuma, na zaidi ya hayo mechi yao ya wiki tatu mbele, Jumamosi saa kumi, itaonyeshwa kwenye stesheni isiyolipiwa, na atavaa namba kumi na nne. Nilikimbia mpaka nyumbani kuileta habari ile. Mama Mkubwa aliisikiliza yote, kisha akasema, "Kwenye simu kila mtu ni mzima." Akaitazama runinga, sanamu na kitambaa chake. "Nataka nimwone anavyotembea. Nikimwona anatembea nitajua."

Kwenda kuangalia kwenye kibanda umiza, lile banda la kutazama mpira kwa kulipia kule chini, isingewezekana. Ni mwendo wa saa mbili kwa mwenye miguu miwili, na dishi lao lilikuwa la mpira wa Ulaya tu. Simu zetu nazo hazikuweza kuonyesha hata picha iliyosimama. Kwa hiyo nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, "Nitaweka antena." Nilishuka mjini na mzigo wa karoti, nikauza, nikaingia dukani nikachagua antena kama mtu anavyochagua jogoo: kubwa kuliko zote. Ilikuwa na fito ndefu kama mikono ya mtu, mota ya kuizungusha, na busta yenye taa nyekundu. Niliipandisha mlimani mgongoni, watu njiani wakinipisha kwa heshima.

Nikaifunga kwenye mwanzi mrefu nyuma ya jiko, nikaielekeza kule zilikoelekezwa antena zote za kijiji, nikawasha king'amuzi nilichonunua pamoja nayo. Kikatafuta, kikatafuta, kikaleta sifuri. Nikazungusha mota. Sifuri. Nikaongeza mwanzi mwingine juu ya ule wa kwanza, nikafunga vifuniko vya sufuria viwili kwa ushauri wa Mama Filipo. Sifuri, na sasa tulikuwa hatuna vifuniko. Nilizunguka nyumba zilizokuwa na antena kuuliza wenzangu wanapata nini, nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa anapata kitu. "Sisi tumefuata ya Mwalimu," waliniambia. Nikaenda kwa Mwalimu, mtu mpole aliyefundisha shule ya misheni. "Mimi niliielekeza Dar," alisema, "maana habari zinasomewa Dar." Akafikiri kidogo. "Lakini na mimi sijawahi kupata. Nilidhani ni antena yangu tu." Kijiji kizima kilikuwa kimeelekeza antena upande mmoja kwa miaka, kila nyumba ikidhani kasoro ni ya kwake, na kwa aibu hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Nilishuka tena mpaka Kihonda na antena yangu, nikaiweka miguuni pa Fundi Shabani. Alikuwa anakula ubwabwa na maharage kwenye kopo la chakula alilofungiwa na mkewe. Aliitazama, akatafuna, akameza. "Umenunua mwavuli usio na kitambaa," alisema. Nilipomweleza habari ya Mwalimu na Dar aliweka kijiko chini akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia yake. Kisha akanikalisha. Naikumbuka sauti yake kuliko somo lolote nililofundishwa darasani. "Sikia, binti yangu. Habari zinasomewa Dar, lakini mnara unaokurushia wewe uko huku huku mjini Moro. Ninyi wote mmeupa mgongo. Hilo moja. La pili, hizi fito ndefu ni za mawimbi ya zamani. Mawimbi ya ving'amuzi ni mafupi, yanataka fito fupi, nyingi, zilizopangwa kwenye bomba moja refu. Ukitaka kusikia mbali unarefusha bomba, hurefushi fito." Nikamwuliza busta je. "Busta ni kipaza sauti. Chumba ambacho hakuna anayesema, kipaza sauti kitapaza nini? Makelele. Kwanza tafuta mahali panaposikika kidogo, hata kidogo tu. Hapo ndipo unaweka busta, tena unaiweka juu kwenye antena, si chini kwenye runinga, kwa sababu waya mrefu unakula mawimbi njiani."

Alinipa antena iliyokuwa imening'inia ukutani kwake miaka, nyembamba, ndefu kama mimi, fito zake fupi zimejipanga kama mbavu za samaki. Akachukua ile kubwa yangu kwa vipuri, na akanikatia waya mnene, bunda zima. "Tembea nayo," alisema. "Usikae mahali ukaomba mawimbi yakufuate. Tembea mpaka uyakute."

Nikatembea. Kwa siku tatu nilibeba runinga, king'amuzi na betri kwenye tenga mgongoni, antena mkononi, nikawa kama kichaa mwenye ratiba. Nilijaribu nyuma ya kanisa, kwenye migomba, kisimani. Kwenye skrini kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora, na nilijifunza kuusahau ule wa kwanza na kuutazama wa pili. Sifuri, sifuri, nne, sifuri. Siku ya tatu, saa nane mchana, nilipanda mgongo wa mlima ulio juu ya nyumba yetu, katikati ya karoti, mahali ambapo vilele viwili vinaachana na kuacha uwazi mdogo kama mlango uliosahauliwa wazi. Nikainua antena, nikaielekeza kwenye uwazi ule. Mstari wa ubora ukapanda, ukawa wa kijani, na mwanamke mwenye hereni kubwa akatokea kwenye runinga akikaanga samaki. Nilikaa chini kwenye tuta nikamtazama mpaka samaki wake wakaiva.

Ila matuta yale yalikuwa ya Mzee Kaspari. Na hapa lazima nieleze, maana mgeni haelewi. Kule ardhi hufuata upande wa akina mama. Shamba na nyumba ya Mama Mkubwa vilikuwa vya ukoo wa mama wa marehemu mumewe, na msemaji wa ukoo ule alikuwa Mzee Kaspari, mjomba wa marehemu. Mjane kama Mama Mkubwa, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto, huachiwa alime apendavyo: kabichi, maharage, karoti, vitu vinavyong'olewa msimu ukiisha. Asichoruhusiwa ni kupanda kinachobaki. Mgeni akipanda mchungwa leo, wajukuu zake watakuja kudai kivuli chake na udongo ulio chini yake. Ukoo ule ulishanyang'anywa kipande kwa namna hiyo hiyo, na Mzee Kaspari hakuwahi kusahau.

Nilimkuta anang'oa magugu. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Kihonda unayetembeza runinga."

"Ndiyo mimi. Mzee, naomba nichimbe shimo moja hapa mgongoni. La mlingoti tu. Ni kwa ajili ya Mama Yustina amwone mwanawe."

"Mlingoti utakaa muda gani?"

Nikasema, kwa fahari ya fundi, "Miaka, Mzee. Nitauzungushia saruji."

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Alinyooka polepole. "Kinachokaa miaka ni mti," alisema. "Hata kama hakina majani."

Nikarudi nyuma haraka. Bila saruji, basi, nikasema. Nitauweka kwenye ndoo, nipange mawe kuuzunguka. Akatikisa kichwa hata kabla sijamaliza. "Mawe ndiyo mabaya zaidi. Mpaka huanza na mawe." Nikauliza kuhusu waya, naweza kuupitisha? Aliwaza. "Waya umelala tu juu ya udongo. Haujapandwa. Waya pitisha."

Nilitaka kukasirika, lakini alisema yote yale bila ubaya, kama mtu anayenionyesha bei ya kitu. Nikamwambia kwa uchungu, "Kwa hiyo kitu gani kinaruhusiwa kusimama hapa?"

"Mtu," alisema. "Mtu akisimama anasimama. Akichoka anaondoka."

Sidhani kama alikuwa ananipa wazo. Nadhani alikuwa anafunga mazungumzo. Lakini nilishuka mteremko ule nimeshaamua kwamba mlingoti nitakuwa mimi. Mama Mkubwa aliponisikia aliacha kuchambua mboga. "Utashika kwa dakika tisini? Na wewe hutaona chochote." Nikamwambia mimi Yustina nitamwona siku nyingine, tena macho yanayohitajika ni yake yeye, si yangu. Siku zilizobaki nilifanya mazoezi na mchi wa kutwangia, nimeuinua juu ya kichwa uani, na Mama Filipo akipita akiuliza kama nimepewa adhabu.

Jumamosi yenyewe saa tisa na nusu nilikuwa juu, miguu nimeipanua kati ya matuta mawili, nikichunga nisikanyage karoti. Waya ulishuka mpaka dirishani. Chumba cha mbele kilijaa, Mwalimu mwenyewe amepewa kiti, na Bikira Maria amehamishiwa dirishani. Mama Filipo alisimama mlangoni kunipa taarifa kwa sauti. "Kushoto. Rudi. Hapo hapo, mama, usipumue." Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kijijini, watu wengi wananyamaza kwa pamoja. Picha ilikuwa imekaa.

Nilichokijua cha kipindi cha kwanza ni sauti. Kicheko. Mguno mrefu, maana timu ya Yustina ilikuwa imefungwa. Mama Filipo akapaza, "Yupo kwenye benchi. Hajaingia." Mabega yangu yalianza kuwaka moto, yakaacha kuwaka, yakafa ganzi, na ganzi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sikujua tena kama mikono iko juu. Kilichonitesha ni lile neno benchi. Walisema anafua jezi. Je, kama wamemvalisha namba ili akae tu pale? Nilimwona Mama Mkubwa kwa mawazo, mguu kwenye kigoda, anamtafuta mwanawe kwenye kona ya skrini.

Mapumziko yalipoisha Mzee Kaspari alikuja kwa kijia cha juu, ametoka gulioni na kikapu. Alisimama akanitazama, akakagua miguu yangu na karoti zake. Hakuna niliyokuwa nimeivunja. "Mikono inatetemeka," alisema.

"Haitetemeki, Mzee."

"Inatetemeka na picha lazima inatetemeka." Akaweka kikapu chini. "Lete. Mimi mpira wa wanawake siutazami, kwa hiyo sipotezi kitu. Wewe shuka."

Nikamwonyesha uwazi wa vilele viwili, nikamwambia asiusogeze hata kwa upana wa kidole. Alishika bomba kama anavyoshika jembe, kwa uzito, akatulia. Nikakimbia.

Nilipoingia mlangoni Yustina alikuwa ameingia uwanjani dakika hiyo hiyo. Mdogo, kwenye kona ya kioo, namba kumi na nne, anakimbia. Hakuwa amekonda. Alikuwa na mapaja ya mtu anayekula ugali. Mama Mkubwa alikuwa ameinama mbele mpaka paji la uso linakaribia skrini, na hakuwa akiufuata mpira kabisa. Mpira ukienda kulia yeye alibaki kushoto, kwa mwanawe. "Anatembea vizuri," alisema, akiniambia mimi au kalenda. "Tazama. Anakanyaga kwa mguu wote." Kisha Yustina akapokea mpira, beki mmoja mnene akamjia kwa kasi, akamgonga, na Yustina akaanguka akajikunja. Palepale picha ikakatika.

Watu walipiga kelele zote duniani. Mimi nilitoka nje. Kule juu, kwenye kijia, wazee wawili waliokuwa wanarudi gulioni walikuwa wamemsalimia Mzee Kaspari, naye akawa ameachia mkono mmoja ili awainulie, na antena imelala begani kwake kama jembe la mtu anayepumzika. Ni wapi umeona mzee wa kule asalimiwe asiitikie? Nilianza kupaza sauti lakini mwingine alinitangulia. Mama Mkubwa alikuwa nyuma yangu uani, amesimama bila fimbo, ameshika nguzo ya baraza. Mguu ule haukuwa umekanyaga chini kwa miezi miwili. "Mzee Kaspari," aliita, na sauti yake ilipanda mlima mzima, "naomba usiitikie salamu. Mwanangu yuko chini."

Mzee aliinua antena kwa mikono miwili, akawapa wale wazee mgongo wake bila neno, akaganda.

Picha ilirudi vipande vipande, majani ya kijani kwanza, kisha miguu. Yustina alikuwa amesimama. Alikuwa anakung'uta nyasi kwenye kaptula na kumwambia mwamuzi maneno ambayo bahati nzuri hayakusikika, kisha akanyoosha mkono kudai mpira. Mama Mkubwa, niliyemshika kiuno nikimrudisha ndani, alikaa. Hakushangilia. Alitandaza kitenge chake magotini taratibu, akasema, "Nimekula asubuhi, sasa nina njaa." Mama Filipo akaenda jikoni kumletea magimbi, naye akayala huku macho hayatoki kwenye kioo mpaka mwamuzi alipopuliza kipyenga. Walifungwa mbili bila. Chumbani pale hakuna aliyeonekana kujali.

Mlingoti haukuwahi kusimama pale. Mwaka ule wote tulipokezana, mimi, Mama Filipo, Mwalimu, Mama Mkubwa mwenyewe mguu ulipopona, na siku hizi nyumba nyingi za upande ule zinapata picha kwa sababu mwaka ule nilijifunza kutembea kabla ya kufunga. Kibanda changu kiko Kihonda, mkabala na alipokuwa Fundi Shabani. Mteja akija ananionyesha antena kubwa aliyoipenda, mimi namwuliza kwanza anasimama wapi, na shamba ni la nani.

Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilipanda kumwambia Mzee Kaspari kwamba mechi imeisha. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, na hakuna aliyekumbuka kumpa taarifa. Nilimkuta vile vile, antena juu, shingo imekaza, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, na kikapu chake kimezungukwa na siafu.

"Imeisha, Mzee. Shusha."

Hakushusha mara moja. "Alikuwemo?"

"Alikuwemo. Aliangushwa, akainuka."

Ndipo akaishusha, polepole, akanikabidhi, akaanza kuikung'uta mikono yake kama inayomrudia kutoka mbali. Akakagua udongo pale nilipokuwa nimesimama na pale aliposimama yeye, akazisawazisha nyayo zetu kwa mguu mpaka tuta likawa kama halijakanyagwa. Akachukua kikapu chake. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa kwenye kijia aliposimama.

"Nyingine lini?"

"Sijui, Mzee. Labda mwezi ujao."

"Niambie mapema," alisema, "nisije nikaenda gulioni."